Malezi ya kambo Dodoma: sisi tumepitia, nawapa ustawi wa jamii nyota nne
Jamani sisi tumempokea mtoto wa miaka 6 hapa Nkuhungu kupitia ustawi wa jamii, sio kuasili, ni malezi ya kambo yale ya Sheria ya Mtoto ya 2009, yaani anakaa kwenu huku wakiangalia kama anaweza kurudi kwa ndugu zake. Afisa alikuja home akakagua mpaka atakapolala, akaongea na wanangu peke yao, hapo alinikosha sana. Kilichoniuma ni makaratasi, nenda rudi kibao na nauli ya bodaboda juu yangu. Mwanzoni mtoto alikuwa anaficha ugali chini ya godoro, saivi anaomba mwenyewe aongezewe mlenda. Bibi yake huja kumuona Jumapili.