Miche ya nyanya: ufuate kalenda au upime udongo?

Wengi huhesabu wiki 2 baada ya tarehe ya kawaida ya jalidi ya mwisho (baridi ya usiku inayogandisha), ndipo watoe miche nje. Ni rahisi, na husaidia kupanga siku ya kusia mbegu. Ila tarehe hiyo ni wastani tu: jalidi ikichelewa, unaamka na kukuta majani yamelegea, meusi.

Mimi naamini kipimajoto. Kichomeke sentimita 10 ardhini asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Udongo ukifika nyuzi 16 za Selsiasi na usiku usiposhuka chini ya 10, panda nyanya. Pilipili na biringanya zisubiri joto zaidi. Kwenye udongo wa baridi mche hudumaa, na majani hugeuka zambarau upande wa chini kwa sababu mizizi inashindwa kufyonza kirutubisho cha fosforasi.

Kwa njia yoyote, zoeza miche hali ya nje kwanza kwa siku 7 hadi 10, ukianza na muda wa saa moja au mbili kivulini.