Shafti ya PTO ya Italia yenye kava na karatasi zake: nimeipigia mahindi, maoni yangu haya

Wakuu, wenye trekta za kukodisha na mashine za kupukuchulia mahindi huku Kiteto, Kongwa na Babati hii inawahusu. Nimenunua shafti mpya ya PTO, yani ile inayotoa nguvu nyuma ya trekta na kuipeleka kwenye mashine, iliyotengenezwa Italia, saizi ile ya kawaida ya meno sita, inchi 1 3/8, nimeifunga kwenye mashine ya mahindi msimu huu na nimeridhika nayo sana. Chuma ni kizuri ndiyo, ila kilichonifanya niandike ni lile kava la plastiki na karatasi zilizokuja nayo.

Pita madukani uone shafti zinavyouzwa, nyingi ziko tupu kabisa, na ukiulizia kava unaambiwa mafundi huwa wanalitoa tu. Jamani. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, yani mara tisa kwa sekunde moja, na kwenye kupukuchua pale ndo watu wamejaa, akina mama wanazoa punje na magunzi kanga ziko kiunoni, vijana wanapandisha magunia makoti yako wazi, sasa kona ya kanga ikinasa kwenye krosi (kile kiungo kinachoifanya shafti ipinde) au kwenye kichwa cha bolti dereva hajagusa hata kliachi mtu ameshavutwa. Mkono unakatika, na wengine hawaponi.

Hili la kwangu ni bomba la manjano linalofunika chuma chote, kila upande lina koni inayofunika krosi, linakaa juu ya ringi za nailoni, alafu kuna vicheni viwili, kimoja unafunga kwenye trekta kingine kwenye mashine ili shafti izunguke lakini kava litulie. Dukani lishike ulizungushe kwa mkono huku shafti imelala, likigandana na chuma achana nalo. Ukishafunga, koni iingie ndani ya kava la trekta kama sentimita 5 hivi, usibaki uwazi.

Karatasi sasa. Ulaya hii kitu haiuzwi kiholela. Gia iliyofungiwa ndani ya giaboksi inaangaliwa pamoja na mashine inayoingia, lakini shafti ya kuvaa na kuvua kama hii, pamoja na kava lake, sheria yao ya mashine ya 2006/42/EC iliiweka kwenye orodha ya vifaa vya hatari zaidi, humo humo na misumeno ya mbao. Kwa sheria hiyo mtengenezaji akifuata viwango vyote vya Ulaya anaruhusiwa kujithibitishia mwenyewe na kubandika CE, ile alama ya kusema kifaa kimefuata sheria za Ulaya. Kuanzia tarehe 20 Januari 2027 inaanza kutumika kanuni mpya, 2023/1230, na kwa shafti hizi njia ya kujithibitishia inafungwa, lazima taasisi huru iliyoidhinishwa ipitie. Mi naunga mkono kwa moyo wote, kwasababu stika ya CE mtu yeyote anaweza kuichapisha, nimeshaona shafti ina CE kubwa imepakwa rangi na kava haina! Kwahiyo usiishie kwenye stika, dai lile tamko la mtengenezaji lenye jina, anwani, aina ya shafti na sahihi ya mtu. Yangu ilikuja nalo pamoja na kitabu cha maelekezo.

Kasoro zipo. Kitabu kina lugha kibao za Ulaya, Kiswahili hamna, na dereva wangu ndo alikuwa anatakiwa akisome. Shafti ilikuja ndefu ikabidi ikatwe, na hapo fundi awe makini, ukikata chuma unakata na plastiki kwa kipimo kilekile na mabomba yabaki yameingiliana vya kutosha, la sivyo ukikunja kona yanachomoka. Ringi za nailoni zinataka grisi mara kwa mara, zikikauka zinalika na kava linaanza kuzunguka na shafti. Bei nayo imechangamka, zile tupu ni rahisi kwa mbali.

Alafu ile bolti ya kukatika, tafadhali. Imewekwa ikatike mashine ikikabwa, ili krosi na giaboksi zipone. Ikikatika weka saizi ileile na ugumu uleule ulioandikwa kwenye kitabu, sio kipande cha nondo kama ninavyoona kwa wenzetu wengi.

Natamani na huku kwetu trekta isiruhusiwe kuingia shambani kupukuchua na shafti tupu, CAMARTEC, taasisi ya serikali ya zana za kilimo, wako Arusha na kupima mashine za kilimo ni kazi yao, wangepewa na hili la makava wangetusaidia sana.

Nampa muuzaji nyota nne kati ya tano, moja nimeishikilia kwasababu makava peke yake hauzi, na kava ndo linaanza kuchoka kabla ya chuma. Mwenye kujua duka la Dodoma au Arusha linalouza kava na ringi zake bila kulazimisha shafti nzima aniandikie hapa chini, nina nyingine ya kukatia majani iko tupu na sitaki iwashwe hivyo.