Jenereta ndogo ya inveta kwenye gari la kambi: uzoefu wangu

Niliyonayo ni jenereta ya petroli ya aina ya inveta, yaani yenye kifaa cha kielektroniki kinachosawazisha umeme wake, ya kubeba kwa mkono mmoja, inayotoa wati 1,800 mfululizo na 2,200 kwa kitambo kifupi tu. Inahudumia gari la kambi lenye friji, taa, pampu ya maji, chaja ya betri na kiyoyozi kidogo juu ya paa. Wanaotaka kununua huuliza kelele na ulaji wa mafuta. Hayo yana umuhimu wake, lakini mimi naanza na moshi, maana ndio unaoweza kuua familia nzima usingizini.

Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu. Ile harufu ya ekzosi tunayoisikia ni ya vitu vingine, kwa hiyo pua haitakuamsha. Gesi hii hung'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu huendelea kuzunguka huku mwili ukikosa hewa. Kinachonitisha ni dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Mtu aliyeshinda kwenye usukani akipatwa na hayo atasema ni uchovu, ajilaze kidogo, na pale anapojilaza ndipo hatari ilipo. Watu wawili ndani ya gari wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Kwa sababu hiyo nilichagua jenereta yenye kihisi cha gesi hiyo, kinachozima injini chenyewe. Kinafanya kazi, na sasa singenunua isiyo nacho. Ila tangazo la kiwandani linakisifu kupita kiasi. Kihisi kimo kwenye jenereta, kinapima hewa inayoizunguka yenyewe. Upepo ukiusukuma moshi chini ya gari, ukapenya kwenye tundu la bomba sakafuni, mashine itaendelea kunguruma kwa raha zake. King'ora cha ndani, kando ya kitanda, ni lazima kiwepo. Kina betri yake, kitufe cha kukijaribia, na tarehe ya kwisha muda wake iliyoandikwa mgongoni, ambayo karibu hakuna anayeisoma.

Mimi huiweka jenereta mita 6 au zaidi kutoka gari, upande upepo unakoelekea, bomba la moshi likitazama mbali na madirisha yetu na ya jirani. Hapo ndipo utakapogundua kwamba waya fupi uliozoea haufiki. Nilinunua ekstensheni nzito ya nje, yenye nyaya za milimita 2.5 za mraba, na nasema bila kusita kwamba imenifaa kuliko wati nyingine 500 zingalivyonifaa. Kama ni ya kuviringishwa kwenye gurudumu, ikunjue yote. Ikibaki imeviringwa huku kiyoyozi kinavuta umeme, joto hujikusanya katikati na plastiki huanza kulainika. Kabla ya kulala naizima. Upepo hugeuka usiku bila kumwambia mtu, na betri iliyochajiwa mchana inatosha taa na pampu.

Kiyoyozi ndicho mtihani wake. Kikianza kinadai umeme mwingi kuliko kinavyotumia kikishatulia, hivyo nazima kwanza ile swichi ya kubana mafuta, injini ishike kasi, ndipo nikiwashe, huku chaja na birika vikiwa vimezimwa. Milimani mambo hubadilika: injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye mita 2,000 zile wati 1,800 zinabaki kama 1,400, na kiyoyozi kilichowaka vizuri bondeni kinagoma. Hapo mashine si mbovu.

Kelele? Kiwanda kinapima kwa mbali, mita 7, injini ikiwa na mzigo mdogo. Ikichaji betri mnaweza kuzungumza kando yake; kiyoyozi kikiwaka, jirani atajua.

Kuna la umeme ambalo muuzaji hakulitaja. Jenereta nyingi za aina hii nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) haijaunganishwa na ethi (waya wa usalama), na kifaa cha ulinzi cha gari langu kilidhani ethi imekatika, kikakataa kupitisha umeme. Fundi alinifungia plagi maalumu ya kuunganisha viwili hivyo. Itumike kwenye jenereta peke yake, isikaribie umeme wa kambini.

Petroli naongeza injini ikiwa imezimwa na kupoa, na sijazi hadi mdomoni kwa kuwa mafuta hutanuka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mwenzako. Galoni haikai ndani tunakolala. Nyasi kavu pia nazifagia kabla ya kuitua, kwa kuwa ekzosi huchemka vya kutosha kuziwasha. Mvua ikija bila kipaa chenye uwazi pande zote, inazimwa. Kuisukuma chini ya gari ni kurudi kule kule kwenye moshi.

Malalamiko yangu makubwa ni kihisi cha oili. Ardhi ikiinama kidogo injini inazima ingawa oili imejaa, kwa hiyo natembea na ubao wa kuisawazisha. Oili yenyewe ilibadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo, sasa kila saa 100. Safari zikisimama naiwasha mara moja kwa mwezi ikiwa na mzigo wa kama nusu, la sivyo petroli huganda na kuziba tundu za kabureta. Ikitakiwa kukaa muda mrefu zaidi namwaga mafuta yote, na skrubu ya kumwagia wameificha nyuma ya kifuniko ambacho hakifunguki bila bisibisi ndefu.