Posta ya zamani Bagamoyo na majirani zake: chokaa au simenti?

Jamani wenye nyumba Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, tuongee plasta. Ile posta ya zamani ya Mjerumani yenye mlango wa nakshi, Boma la 1897 na majumba kibao ya jirani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti. Sasa ukuta ukichubuka tu fundi anakuja na mfuko wa simenti.

Simenti ipo kila duka la vifaa, inakauka haraka, fundi yeyote anaiweza. Ila ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji na chumvi ya bahari vinabaki ndani, jiwe linamomonyoka kimyakimya huku nje kunang'aa. Nimewahi kugonga plasta ya hivyo kwa kidole ikalia kama debe, bonge likadondoka, nyuma yake unga mweupe unaonata vidoleni, nikalamba, chumvi! Iliniuma sana.

Chokaa inataka subira, unailoweka mapema, unapaka tabaka nyembamba nyembamba, unanyunyizia maji isikauke upesi, na mafundi wanaoijua vizuri wengi ni wazee. Lakini inapumua, ikichakaa unapaka tena na jiwe liko salama. Kwa nyumba ya matumbawe mimi ni chokaa bila kusita, simenti pelekeni kwenye tofali. Na kabla hujapaka chochote, ziba kwanza paa linalovuja.