Fundi wa kutoa CD kwa flashi pale Luthuli: nyota nne na nusu kwa tano

Nianze na jibu ndio mwenye haraka asisome yote. Kama uko na CD ya kwaya, ya harusi, ya mazishi ya babu, ama mix ya DJ wa mtaa wenu ya 2006, kitu ambacho hata utafute vipi kwa apu hupati, peleka kwa huyu fundi. Kama CD zako ni za wasanii ambao wako kila mahali mtandaoni, usipoteze nauli, fungua simu utafute wimbo uendelee na maisha.

Kaduka kako hapa Nairobi tauni, orofa ya pili, ukishuka Luthuli kutoka Tom Mboya ukielekea River Road, unaingilia ngazi kati ya mtu wa spika na mtu wa remoti. Hakana jina, kuna karatasi tu kwa mlango imeandikwa na maka "CD, KANDA, VCD KWA FLASH". Ngazi ni giza na chafu, nimetoa nusu nyota hapo hapo, na yule wa spika huko chini anatesti besi kutwa nzima mpaka kioo cha fundi kinatetemeka, kwa hivyo ukitaka kusikia kazi yako vizuri kabla ya kulipa beba iyafoni zako, usitegemee zake.

Sasa kilichonipeleka. Mathe ako na CD ya kwaya ya parokia yao, walirekodi zamani wakawa wanauza baada ya misa pale nje getini, na yeye ako ndani, anaimba alto. Hiyo CD ndio kitu anapenda kuliko vyombo vyake vya kabati. Na si ati hajui simu, apu ya muziki ya Spotify ilipoingia Kenya 2021 mimi ndio nilimwekea na anaitumia kuliko mimi, asubuhi unapata rumba inalia jikoni kwa spika ya Bluetooth na chai iko motoni. Lakini kwaya yake haiko huko, na haitakuwa. Nani angeipandisha? Mwalimu wa kwaya alihamia ushago, studio iliyorekodi ilifungwa, na wakati huo hakuna mtu aliwaza kuna siku muziki utakuwa kitu cha kuomba kutoka hewani.

Redio yetu ya nyumbani ilikufa, laptopu yangu haina pa kuingizia CD, na mahali pekee hiyo kwaya ilikuwa bado inaimba ni kwa gari la shemeji. Hapa wacha nitoke nje ya barabara kidogo juu hii stori huwa inanifurahisha. Magari yetu mengi ni ya kutoka Japani, na redio za Japani kwa miaka mingi FM yao ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90. Sasa wewe umetoa gari bandarini Mombasa unafika Nairobi unatafuta Capital 98.4 ama Kiss 100, hakuna, redio imeishiwa na namba kabla ifike huko. Kuna kale kakifaa ka kuongeza masafa unafungiwa, lakini saa zingine kanashika saa zingine kanakoroma, basi watu walikuwa wanabaki na CD tu, na nafikiri hiyo ni sababu moja CD iliishi kwa magari ya Kenya muda mrefu hata baada ya kuisha kwa nyumba. Sheria inasema gari la kuingizwa lisizidi miaka 8, kwa hivyo hata leo bado yanashuka mengine na ule mdomo wa CD kwa dashibodi.

Fundi mwenyewe ana kreti ya CD za Kijapani zilizokuja ndani ya magari. Anauza hizo pia. Nani ananunua sikuuliza.

Turudi kwa kazi. Kitu cha kwanza alifanya kilinionyesha huyu si wa kubahatisha: alitoa CD kwa kava, akaiinua akaiangalia dhidi ya dirisha, upande wenye maandishi ukimwangalia yeye. Anatafuta matundu. Akaniambia watu wote wanaogopa mikwaruzo ya chini, kule kunakong'aa, na kumbe muziki hauko chini, uko juu, chini tu ya lebo. Ile plastiki unaona chini ina unene wa kama milimita 1.2 na leza inapita katikati yake kwenda kusoma ile karatasi nyembamba ya aluminiamu iliyo upande wa lebo, na juu ya aluminiamu kuna vanishi kidogo tu. Kwa hivyo ukikwaruza chini, inaweza kupolishiwa. Ukikwaruza juu, umebandua muziki wenyewe, ukiishika kwa mwanga unaona katundu kama nyota, na hapo hakuna fundi hapa duniani. Sisi wote tuliokuwa tunalaza CD lebo ikiwa chini ati ndio tulinde upande unaong'aa, haya basi.

Ya mathe ilikuwa na matundu mawili madogo kando kando. Akasema "kastoma, hizi ziko kwa mwisho, hebu tuone kama wimbo umefika hapo." CD inasomwa kutoka ndani ikienda nje, si kama santuri, na kama nyimbo hazijajaza dakika 74, ukingo wa nje unakuwa hauna kitu. Kwaya walikuwa wameimba kama dakika 50 hivi. Matundu yalikuwa mahali patupu. Nikapumua.

Chini akapitisha kwa mashine ya kupolishi, akapangusa na kitambaa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, si kuzungusha. Nilimuuliza kuhusu Colgate, ile dawa ya mtaa tuliyofanya wote. Akacheka akasema inasaidia kweli kwa mkwaruzo mwembamba juu inasugua kidogo, shida watu wanazungusha kidole kufuata duara na hapo wanachimba mkwaruzo unaofuata njia ya leza, na hiyo ndio leza haiwezi kuruka. Mkwaruzo unaokata njia, CD ina hesabu zake ndani za kujaza pengo bila wewe kusikia. Unaofuata njia unamaliza.

Halafu akaweka kwa draivu ya nje kwa laptopu yake, na programu inayosoma kila kipande, ikitilia shaka inarudia, ikitilia shaka tena inarudia. Wimbo mmoja ulikaa hapo mpaka nikadhani imekwama. Hapa usiwe na haraka. Ukiona mtu ameweka CD ya zamani ikaisha kwa dakika tatu na hakuangalia chochote, amekupea muziki wenye mashimo, na utagundua ukiwa Nakuru.

Shida yangu kubwa na fundi ni hii sasa. Alikuwa anataka kunipea MP3 ya kilobiti 128, ndio kawaida yake, anasema watu wanataka nyimbo nyingi ziingie kwa flashi ya gari. Boss, hiyo ni kwaya ya mama yangu, iko peke yake duniani! CD inabeba kama kilobiti 1,411 kwa sekunde, 128 ni chini ya moja ya kumi, na ukishatupa huwezi kuokota. Nikamwambia anipee FLAC, haipunguzi sauti, inakunja tu faili ikawa ndogo, na ya simu anipee MP3 ya 320. Alifanya bila ubishi na bila kuongeza pesa, lakini nisingejua ningebebeshwa ile ya 128 nikasema asante. Inafaa akuulize kabla. Nusu nyota ingine imeenda.

Na majina. Ukiweka CD ya msanii mkubwa kwa kompyuta, majina ya nyimbo yanajileta kutoka intaneti. Ukiweka kwaya ya parokia unapata "Track 01, Track 02" mpaka mwisho. Fundi huandika kwa mkono kutoka kwa kava, lakini kava yetu ilikuwa imepata maji kitambo, kwa hivyo nikampigia mathe nikaweka spika.

"Mama, habari yako."
"Mzuri sana kijana wangu."
"Hii ya nne inaitwaje mama?"
"Hiyo ya nne ni ya sadaka, si ya komunio, andika vizuri, na ya tano ndio ile niliingia mapema."

Kumbe kuna mahali aliingia mapema na haijawahi kutoka kwa roho, miaka yote hiyo. Tuliitafuta na fundi tukaisikia, sauti moja ya alto mbele ya wengine kwa nukta hivi. Fundi akamwambia "hata haisikiki mama." Inasikika.

Sasa kuhusu hii kiu ya CD kwa jumla, juu najua kuna watu watasema CD ilikuwa na sauti tamu kuliko simu. Mimi nimekaa pale nikasikiza wimbo mmoja kutoka kwa CD na huo huo wa 320 kwa iyafoni zile zile, sikuweza kutofautisha, na nafikiri wengi wetu hatuwezi. Tulikuwa tunasikiza CD kwa spika mbili kubwa za sebuleni na leo tunasikiza kwa simu iko ndani ya glasi ati ndio iongeze sauti, halafu tunalaumu intaneti. Na pia tusidanganyane, nyingi ya zile CD tunazolilia zilikuwa feki za River Road, nyimbo 150 za MP3 kwa diski moja na kava ya fotokopi, ile stika ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, tulikuwa tunaiona kwa duka za wadosi tu. Msanii hakuona hata shilingi. Saa hii angalau akisikizwa kwa apu kuna kitu kinaingia, hata kama ni kidogo cha kutia huruma.

Bando nayo nimefanya hesabu: sauti ya 320 inakula kama mega 144 kwa saa, ukipunguza iwe 160 ni kama 72, na ukidaunlodi na waifai ya ofisi hata hiyo huhisi. Kwa muziki wa kawaida apu imeshinda, sina ubishi, mtu anayebeba kabati ya CD akihama nyumba siku hizi ni wa kuombewa. Nachokataa ni watu kutupa kila kitu ati "si iko online." Nusu ya muziki ambao Nairobi iliimba haukuwahi kuwa online. Kwaya, bendi za klabu zilizovunjika, kasida za madrasa, mix za matatu zenye DJ akisalimia makanga kwa majina. Na kava ya mathe ina majina ya wanakwaya wote, soprano mpaka besi, mstari kwa mstari, na wengine wao tumeshawazika. Apu gani itakuandikia hiyo? Fundi aliipiga picha na simu akaiweka kwa folda moja na nyimbo bila hata kuambiwa, na hapo ndio alirudisha nusu nyota moja ya zile nilitoa.

Kama CD zako ni zile za kuchomwa kwa kompyuta, chini zina rangi ya kijani ama zambarau, usingoje Krismasi. Hizo hazina muziki uliogongwa kama za kiwanda, ni wino uliochomwa na leza, na jua na joto vinaumaliza. Nilibeba mbili za harusi ya binamu, moja ilikuwa imekaa kwa dashibodi miaka, ikatoka nyimbo sita na hotuba nusu. Ingine haikufunguka kabisa, na hiyo hakunilipisha. Kwa zilizotoka ni Sh150 kila moja, polishi ndani.

Anauza pia pleya za mkono wa pili. Sikununua lakini ukienda kununua usikubali akutestie na CD orijino peke yake, leza iliyochoka inasoma orijino vizuri na inakataa ya kuchomwa, juu ya kuchomwa haiakisi mwanga vile. Beba yako ya kuchomwa, na umwambie aweke wimbo wa mwisho si wa kwanza.

Flashi usinunue hapo jengoni, si kwake tu, kwa wote hao majirani. Kuna zile zimeandikwa 64 na ndani ni 8, inakubali faili zote na tabasamu halafu ukifungua nyumbani ni hewa. Nenda na yako. Risiti hatoi mpaka umkumbushe, anaandika kwa karatasi ya kijitabu. Alisema niende saa nane na kazi ikaisha saa kumi na moja. Jumamosi kuna watu wengi wa kanda za video, enda katikati ya wiki asubuhi kabla jamaa wa spika afungue, sikiza kila wimbo mpaka mwisho, halafu ndio utume M-Pesa.