Biblia ya kusikiliza kwenye simu, kwa aliyefiwa na hawezi kusoma

Hii programu ya Biblia ya sauti naitumia tangu kaka yangu afariki, sasa ni mwezi wa saba, na naandika kwa ajili ya mtu aliyefiwa ambaye kitabu hakishikiki. Mimi ilikuwa hivyo, nafungua Biblia, macho yanapita tu, nikifika chini sijui nimesoma nini, nafunga. Mama mmoja wa kanisani akaniambia basi mwanangu usisome, sikiliza. Ni bure, na ukishapakua vitabu unavyotaka haili bando tena.

Anayesoma ana sauti ya kiutu uzima, hana haraka, na anasoma ile tafsiri ya zamani, Union Version ya 1952, na Kiswahili chake cha "ungalikuwapo" na "hangalikufa", nilidhani kitanichosha kumbe ndo kilinituliza, maneno yaliyonizidi umri. Unaweza kuitegeshea muda izime yenyewe, mimi naweka dakika 30 simu iko chini ya mto, miezi ya mwanzo bila hiyo silali.

Sasa kilichonifungua. Nilikuwa nimechoka kuambiwa ni mapenzi ya Mungu, jikaze. Usiku mmoja nikabonyeza Zaburi ya 88 bila kujua ni ipi, jamani, mtu anamlilia Mungu wake mchana na usiku na zaburi inaishia gizani, haigeuki mwishoni ikawa sifa kama zaburi nyingine za maombolezo, nikakaa kitandani nikalia kilio ambacho msibani kilikataa kutoka. Yani haya yamo kwenye Neno lenyewe, hakuna aliyeyafuta, basi na mimi nikilalamika Mungu anasikia. Hapo ndo nikaanza kuomba tena, maombi ya hasira tupu, ila maombi.

Halafu Yohana 11, hiyo nimerudia sijui mara ngapi. Martha anamwambia Yesu kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, Mariamu naye anakuja na lile lile, na Yesu hawakaripii. Anajua anakwenda kumfufua huyo ndugu yao Lazaro na bado analia. Mimi na dada yangu tulikuwa tumenuniana tangu mazishi, kila mmoja anaona mwenzake angewahi kufanya kitu, nikamtumia sura hiyo. Siku mbili kimya, kisha akapiga, "umesikia lakini, wote wawili wanasema neno moja?" Hatukuongea tena, tulilia tu kwenye simu.

Kasoro zipo. Ile mipango ya kusoma inakuhesabia siku, ukikosa moja unarudi mwanzo, kwa mtu mwenye msiba huo ni uonevu, zima taarifa zote. Na mstari wa siku unachagua furaha tu, siku ya kuzaliwa ya marehemu asubuhi nikaletewa wa kushangilia, niliitupa simu kitandani. Hata ukitafuta mada ya huzuni unapewa ya faraja tu, hiyo 88 haimo.

Nyota nne. Achana na mipango yao, anza na Zaburi halafu Maombolezo sura ya 3, na usiruke kwenda mstari wa 22 wa huruma ambao watu wote wanaupenda, sikiliza kuanzia wa kwanza, ni mistari 20 ya mtu anayeugua kabla hajakumbuka tumaini. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kufika huo wa 22 bila kuizima.