iMac kuukuu Kariakoo: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Dada yangu ana steshenari Sinza. Mwaka juzi alinunua iMac, ile kompyuta ya mezani ya Apple, ya inchi 21.5 ya 2015, nyembamba, kioo hakina hata mkwaruzo. Muuzaji alimwambia ni "Core i5, RAM nane", na yote mawili yalikuwa kweli. Wiki ya kwanza tu wateja wakaanza kulalamika: akifungua kadi ya harusi, lile duara la rangi linazunguka mpaka mteja anaenda kununua vocha na kurudi. Hiyo i5 ilikuwa ya GHz 1.6, viini viwili tu vya kuchakata kazi, prosesa ya jamii ya zile za laptop nyembamba. Diski yake ya TB 1 ilikuwa ya kuzunguka, tena ya mizunguko 5400 kwa dakika. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, nayo imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo fundi hana pa kuongezea.

Basi ukiingia Kariakoo au maduka ya Samora kutafuta iMac yenye prosesa ya Intel, usiishie kuuliza mwaka. Mbili za mwaka mmoja, sura ileile, tumboni zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Uliza ukubwa wa kioo, prosesa na diski, kisha uliza kipi kinabadilishika bila kubandua kioo. Tangu toleo la mwishoni mwa 2012 kioo kimebandikwa kwa gundi pande zote. Kukifungua kunahitaji kifaa chembamba cha kukatia, gundi mpya na fundi mwenye mkono mwepesi. Akikosea kidogo, utaitafuta iMac nyingine.

Namba moja kwangu ni inchi 27 ya 2019, hata ile ya chini kabisa ya GHz 3.0. Ina viini sita, kioo cha 5K chenye picha kali sana, na inapokea macOS, mfumo endeshi wa Apple, mpaka toleo la Sequoia. Ukihariri video za harusi au kupanga vitabu vya kuchapa, hii itakuvusha miaka.

Inayofuata ni inchi 27 ya 2017, na kwa mfuko wa wengi wetu ndiyo ya kuitafuta. Chukua ya GHz 3.4 bila wasiwasi. Tofauti yake na ya 3.5 kwa kazi za kawaida huioni, na pesa inayobaki itanunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Viini ni vinne, kioo ni kilekile cha 5K, mfumo unaishia Ventura.

Hizi mbili zinanipendeza kwa jambo ambalo wauzaji wengi hawalionyeshi. Chomoa waya wa umeme nyuma. Ndani ya tundu ulilochomoa kuna kitufe. Kibonyeze na kifuniko kidogo kinachomoka chenyewe. Humo kuna nafasi nne za RAM. Unanunua mashine yenye GB 8, mwezi ujao biashara ikikaa vizuri unaongeza mwenyewe pale mezani, bila fundi. Inchi 21.5 ya miaka hiyohiyo nayo ina RAM ya kuchomoa, ila mpaka ubandue kioo na kutoa bodi.

Nafasi ya tatu naipa inchi 27 ya mwishoni mwa 2015. Mlango wa RAM upo, 5K ipo, ila mfumo unaishia Monterey, kwa hiyo usikubali bei inayokaribia ya 2017. Ya nne ni inchi 21.5 ya 4K ya 2017, kwa mwenye meza ndogo, na iwe tayari na SSD pamoja na RAM utakayoitumia mpaka mwisho.

Za kuacha: 2014 ya GHz 1.4, 2015 ya GHz 1.6 na 2017 ya GHz 2.3. Zote ni inchi 21.5 na zote zina viini viwili. Hiyo ya 2017 ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu mwaka wake unasikika mzuri.

Kuhusu diski, neno Fusion Drive, yaani diski ya kuzunguka iliyounganishwa na kipande cha SSD, lisikutie moyo haraka. Ile ya TB 1 ya mwishoni mwa 2015 ina GB 24 tu za kasi, ya 2017 ina 32. Kuanzia TB 2 ndipo unapata 128. Ukikuta diski inazunguka, usikimbilie kufungua kioo. Nunua SSD ya nje ya USB, weka macOS humo na uwashie kutoka humo. Kwa dada tulifanya hivyo, na kadi zikaanza kufunguka bila mteja kuondoka kwenye benchi, ingawa udhaifu wa prosesa umebaki palepale.

Mashine iliyotoka Japani au Marekani isikutishe kwa upande wa umeme. Inakubali volti 100 mpaka 240, badilisha waya tu. Lakini haina betri, kwa hiyo bei ya UPS, kifaa cha kushikilia umeme kwa muda, iwe ndani ya bajeti. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kila usichohifadhi kimekwenda.

Kabla ya kutoa hela, fungua ukurasa mweupe mtupu kioo kizima, utazame pembeni kama kuna madoa ya kijivu au wekundu. Kisha izime, uiwashe ukiwa umeshikilia Alt. Ikija picha ya kufuli inayodai nywila ambayo muuzaji haijui, mwachie mashine yake.